Uhakiki wa Sauti ya Leonia

Ukitaka kumkera Romani, fundi wa kurusha nyimbo kwenye simu na flashi za watu pale Mazwi, mwite Lomani. Mama yake mzazi anamwita Lomani, shangazi zake Lomani, nusu ya Sumbawanga Lomani, na kila mtu anasahihishwa papo hapo. Sisi tuliokulia Kifipa, l na r zinatujia zinavyotaka zenyewe, na wengi wetu tulishasameheana zamani. Romani hakusamehe. Tangu darasa lilipomcheka kwa kusoma "kurara", akajifanya askari wa herufi. Amewahi kutoka hotelini na njaa yake kwa sababu ubao ulisema "wari maharage". Na kusema haki, akiandika taratibu, hakosei.

Sasa, asubuhi moja ya baridi ile ya Juni, inayokufanya uuchukie hata mlango uliouacha wazi mwenyewe, akaingia Mzee Valerian, mstaafu, zamani bwana mifugo huko Namanyere. Koti hadi magotini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye Lomani?"

"Romani, mzee."

"Ndiyo, Lomani." Akaketi. Kutoka ndani ya koti akatoa sidii iliyofungwa kwenye kipande cha kitenge. Marehemu mkewe, Leonia, ndiye aliyekuwa mwanzilishi wa nyimbo katika kwaya yao kule Kaengesa, na nakala ilikuwa hiyo moja tu. Juu yake Leonia mwenyewe alikuwa ameandika kwa kalamu nene jina la wimbo wake: Urezi Umeiva.

Romani aliiona ile r, akaiacha ipite. Ni msiba wa watu, bwana.

"Kuna kijana niliwahi kumpa," mzee akasema. "Akasema anaiboresha. Akaiwekea kinanda cha disko, mke wangu akawa anasikika huko nyuma kama jirani anayeita mbuzi. Nikaichukua sidii yangu nikaondoka. Wewe nitajuaje kwamba hujamgusa?"

Hapo Romani akapata jukwaa. Akaeleza kwamba ataichukua sidii picha yake kamili, yaani nakala ya kila kilichomo, aihifadhi kwenye kompyuta, kisha aiweke kwenye deki hewa. Deki hewa ni deki isiyoshikika, kompyuta inaamini ina sidii tumboni kumbe haina kitu. Kutoka humo atautoa wimbo, na faili litakuwa na namba yake ya uhakiki, ambayo kompyuta inaipiga hesabu kutokana na kila kilichomo. Akiutoa mara mbili namba zikafanana, basi hakuna hata pumzi ya mama iliyopotea.

Mzee akamtazama vibaya. "Hewa. Uhakiki. Maneno hayo nayajua, kijana wangu. Waliniita wakanihakiki kama si mtumishi hewa. Mtoto wa watu akaniuliza kama nina uthibitisho kwamba niko hai, nami nimesimama mbele yake nakohoa."

"Huu ni uhakiki mzuri, mzee."

Picha ilichukuliwa, ikakamilika. Sidii ilipotoka, ngozi yake ya fedha ilikuwa imebanduka kama rangi ya ukuta wenye unyevu. Romani akairudisha ndani, deki ikakwaruza, ikagoma. Ndiyo ikawa basi. Kama Leonia alikuwa bado yupo mahali popote duniani, alikuwa mle kwenye deki hewa, na mzee alilielewa hilo bila kuelezwa. Akakunja kile kitenge kitupu, akakishika kwa mikono miwili.

Romani akautoa wimbo. Programu haikuwa na habari za kwaya ya Kaengesa, ikauliza jina la wimbo, akaliandika, namba ikatoka. Akautoa tena. Ikauliza, akaandika, namba ikatoka nyingine kabisa.

"Hazifanani," mzee akasema.

"Ni deki hewa imejisahau." Akaichomoa, akaichomeka upya. Safari hii ikaja namba ya kwanza. Akashusha pumzi, akarudia ili athibitishe, ikaja ya pili. Akapunguza kasi ya kusoma. Akabadilisha programu ya deki. Akazima kompyuta, akaiwasha, akaisema kwa maneno ambayo siyaandiki. Akawa anaandika jina la wimbo haraka haraka bila hata kulitazama, na namba zile mbili zinapokezana tu kama watu wawili wanaogombea kiti.

"Kwa hiyo yupo au hayupo?" mzee akauliza. Hakuwa anatania. Sauti yake ilikuwa imekwisha kabisa, na Romani akaona aibu iliyomshika hadi masikioni.

Ndipo akaingia Kulsumu, muuza vitenge wa duka la jirani, amefuata chaja yake. Kulsumu hawezi kupita mbele ya maandishi bila kuyasoma kwa sauti, akaianza orodha ya mafaili kwenye kioo cha kompyuta.

"Ulezi Umeiva. Urezi Umeiva. Ulezi. Urezi. Kwani hizi ni nyimbo ngapi, Romani? Au na wewe siku hizi unarara?"

Romani akakodoa macho. Jina la wimbo linahifadhiwa ndani ya faili, linahesabiwa pamoja na sauti. Badilisha herufi moja, namba nzima inageuka. Akikumbuka uaskari wake, aliandika l. Akisahau, mkono ulifuata ulimi wa mama yake. Deki hewa masikini haikuwa na kosa lolote.

Akayafuta majina yote, akahakiki sauti tupu. Namba zikafanana, mstari mzima, toka mwanzo hadi mwisho. Mzee alizikagua kwa kidole, tarakimu kwa tarakimu, kisha akasema, "Mwache aimbe."

Leonia akaimba. Sauti nene, ya mtu aliyezoea kuita kutoka shamba hadi nyumbani, na kila alipofika kwenye lile neno, aliimba "urezi", r imenyooka, wala hajali. Kulsumu akaisahau chaja. Mzee alikuwa anacheka huku machozi yanashuka.

Wimbo ulipoisha, Romani akaweka vidole kwenye kibodi alirudishe jina. Kidole kikaenda chenyewe kwenye l.

"Acha," mzee akasema. "Ndoa yetu nzima nilikuwa namsahihisha. Ulezi, Leonia, ulezi. Ananiangalia tu, anaandika hivyo hivyo. Hiyo herufi ni yake. Andika alivyoandika."

Romani akaandika r, taratibu, kwa hiari yake.

Wimbo ukaingia kwenye flashi, mzee akaifunga kwenye kitenge, akaitia ndani ya koti upande wa moyo. Mlangoni akageuka.

"Asante sana, Lomani."

Kulsumu akamgeukia fundi, akangoja. Romani alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena.

"Karibu tena, baba," akasema.