Skapulari ya Mama Mkwe

Mama mkwe wa fundi cherehani alikuwa amerudishwa nyumbani kutoka hospitali mara mbili, na mara zote mbili aliyegoma ni yeye. Rovu lake, ule uvimbe wa shingoni aliouita "mgeni", lilikuwa limekua mpaka likaanza kubana njia ya pumzi. Akipanda ngazi tatu tu, kifua kinapiga mluzi. Daktari alisema bila kuzunguka: lisipokatwa upesi, siku moja pumzi itakatika akiwa amekaa zake kwenye kiti. Kitanda kilikuwa tayari, damu ilikuwa tayari. Kilichokwamisha mambo ni kitambaa.

Alikuwa na skapulari. Vipande viwili vya sufu ya kahawia, kila kimoja kidogo kuliko kiganja, kimoja kifuani na kimoja mgongoni, vimeunganishwa kwa kamba mbili zinazopita mabegani karibu kabisa na shingo. Padre alimvika akiwa na miaka kumi na minne, na tangu siku hiyo haikuwahi kutoka mwilini mwake. Ameoga nayo, amezaa nayo watoto watano, amepika nayo miaka thelathini na moja kwenye jiko la shule ya bweni, mbele ya masufuria ambayo mtu mzima angeweza kujificha ndani. Kamba zikichakaa, anaunga mpya kabla ya kukata za zamani. Ahadi aliyofundishwa ilikuwa fupi: atakayekufa ameivaa, Bikira Maria hatamwacha aone moto wa milele.

"Sasa wewe unataka niivue saa ileile unaponilaza mezani na kisu mkononi?" alimwuliza daktari. "Umechagua siku nzuri kweli."

Daktari akamweleza kwamba kamba zinapita palepale kisu kinapopita. Mama akachukua mkoba wake akarudi nyumbani. Binti yake, mke wa fundi, alilia mpaka akachoka. Padre naye alikuja, akamwambia Mungu haangalii kamba. "Najua, baba," akajibu mama. "Mimi ndiye ninayeiangalia."

Fundi peke yake hakumbembeleza. Miaka kumi na miwili amekuwa mkwe, na mama yule hakuwahi kumsifia hata kifungo. Lakini lililomkaa rohoni lilikuwa la miaka sita nyuma, alipolazwa miezi mitatu kwa ugonjwa wa mapafu. Majirani walikuja, wateja walikuja, hata mtu aliyegombana naye kwa ajili ya suruali alikuja na machungwa. Mama mkwe hakutia mguu. Fundi alilikunja jambo hilo vizuri akaliweka, na kila mwaka alilitoa akalitazama.

Hata hivyo mama alikuwa amehamia kwao akisubiri matibabu, na mluzi wa kifua chake ulipita ukutani mpaka kwenye cherehani. Mtu hawezi kushona huku anasikia mwenzake akigombania hewa. Siku moja fundi akaacha gauni la watu njiani, akaenda hospitali, akamwuliza daktari anahitaji nafasi wazi kiasi gani. Daktari, aliyekwisha kuchoshwa na ukoo ule, akachukua kalamu akachora: kuanzia taya hadi chini ya mifupa ya mtulinga. "Nje ya hapa sina ugomvi na mtu," akasema. Fundi akatoa futi yake mfukoni, akapima ule mchoro.

Asubuhi ya miadi ya tatu, gari likitarajiwa saa nne, akabisha hodi kwenye chumba cha mkwewe.

"Mama, naomba kukupima."

"Jeneza?"

"Skapulari, mama. Shida si kitambaa, ni njia ya kamba. Nikiweka tepe mbili zipite chini ya kwapa, zishike cha mbele na cha nyuma, kamba za juu nitazisogeza mpaka mwisho wa bega. Shingo itabaki wazi, na wewe utabaki umeivaa."

Mama akaishika kamba ya begani. "Bila kuivua?"

"Nitashonea hapo hapo mwilini."

Akakaa kwenye stuli. Binti yake akamfunika shuka mpaka kwapani, na fundi akapiga magoti na sindano, akishona huku akisikia joto la mwili wa mama mkwe ambaye hakuwahi hata kumpa mkono vizuri. Cha mgongoni kilikwenda salama. Alipovuta utepe wa kifuani, pindo la zamani likaachia, kipande kikafunguka kama mfuko.

"Mama, imefumuka."

Mama akafumba macho. "Basi umeshafika. Tazama, ushone."

Ndani mlikuwa na vitambaa, kimoja juu ya kingine, vyembamba kwa jasho la miaka, kila kimoja kimezungushiwa uzi wa kahawia kwa mkono. Bluu yenye doa la grisi: ovaroli la marehemu mumewe, fundi bomba. Flaneli nyeupe, laini. "Ya yule wa pili, aliyeishi siku tisa," mama akasema. Mke wa fundi aliziba mdomo; ndugu huyo alimjua kwa kusimuliwa tu. Vipande vya sare za shule, vinne. Na juu ya vyote, kitambaa cha mistari chenye mshono wa cherehani ulioegemea kushoto kidogo.

Fundi aliujua mshono ule. Cherehani yake ya kwanza ndiyo iliyoegemea hivyo, na hakuna fundi asiyejua kazi ya mkono wake. Lilikuwa pindo la mfuko wa shati lake, lililopotea kwenye kamba ya kuanikia nguo. Lawama zote alimtupia mbuzi wa jirani.

"Hili ni shati langu."

"Ni lako."

"Mwaka niliolazwa."

"Wodi yako ilikuwa ghorofa ya nne," mama akasema, macho bado amefumba. "Mgeni alishaanza kunikata pumzi na sikutaka mtu ajue. Nilifika ghorofa ya pili mara tatu, nikarudi. Nikaona nikuweke hapa."

Fundi alishindwa kutia uzi. Miezi mitatu alihesabu nani kaja na nani hakuja, kumbe muda wote huo alikuwa kifuani kwa mtu, katikati ya wafu na watoto wake. Aliingiwa na hofu, ile ya kujikuta ndani ya kanisa na hujui uliingiaje. Honi ikalia nje. Mkewe ndiye aliyemtilia uzi, naye akashona, safari hii polepole kuliko alivyowahi kushona maishani. Padre angeyajua yaliyomo humo sijui angesemaje, na hakuna aliyekwenda kumwuliza.

Hospitalini daktari alipitisha kidole kutoka taya hadi mtulinga, hakugusa uzi wowote. Muuguzi akabandika plasta juu ya sufu. Wakaingia.

Saa tatu baadaye daktari akatoka akasema mgeni ameondoka na mwenye nyumba yupo. Mke wa fundi akakaa chini sakafuni akacheka na kulia kwa pamoja.

Walipoingia wodini, sauti ya mama ilikuwa mkwaruzo. Akamwita fundi kwa kidole.

"Yule daktari," akanong'ona. "Nilimwona kabla sijalala. Macho yake yana mzigo. Niletee kipande cha nguo yake."

Fundi akamkuta daktari kwenye korido, kofia ya upasuaji bado kichwani, akamweleza ombi lile kwa kigugumizi, pamoja na ovaroli, flaneli na shati. Daktari alianza kucheka, kisha kicheko kikamwishia.

"Lakini mimi si wa dini yenu," akasema.

"Sijui, daktari," fundi akajibu. "Mimi mwenyewe sikuulizwa."

Daktari akapapasa kamba za kufungia kofia kisogoni. Halafu akainamisha kichwa, ili fundi mwenyewe akate mkia wa kamba moja.