Kukaa Mpaka Ibada Iishe

Siku ya kumuaga mume wangu nilitoka ukumbini mara tatu. Mara ya tatu mchungaji alikuwa ameniita nisimame kando ya jeneza niseme neno. Niliposimama tu, mkojo ukaja kwa nguvu, nikaelekea mlangoni badala ya kuelekea kwenye jeneza. Nikiwa chooni nilisikia kwenye kipaza sauti wifi yangu, dada ya marehemu, akisema kwa niaba yangu. Sketi ilikuwa imeshalowa. Nilirudi nimejifunga leso juu yake.

Mimi si mtu wa kulia kwa sauti. Kwetu magharibi mwa nchi mjane aliyekaa kimya hutazamwa kwa jicho la pembeni, na mimi juu ya ukimya nilikuwa nimelikimbia jeneza. Jioni nilimsikia wifi akiwaambia wenzake, "Huyu analilia wapi? Chooni?" Wakacheka kile kicheko cha msibani, mkono mdomoni. Nilipoulizwa nilisema tumbo linaniuma. Huo ulikuwa uongo.

Mambo yenyewe yalianza miaka miwili kabla. Mkojo haukuwa unaniuma, ila ulikuwa unanijia ghafla, kama mtu anayesukuma mlango bila kubisha. Hapa mjini, mtaa wa Kaloleni, choo chetu ni cha pamoja na majirani, kiko nje, na ufunguo wake tulikuwa tunautundika kwenye msumari, umefungwa kwa kipande cha mti usipotee. Mume wangu alifanya kazi ya reli mpaka akastaafu. Akiniona nimebadilika uso alikuwa ananiletea ufunguo kabla sijaomba. "Tiketi yako, mama," anasema, bila kucheka. Ni yeye tu aliyejua.

Alipokufa nikafanya kosa ambalo nadhani wajane wengi wa kwetu wangefanya. Niliacha kunywa maji, nikidhani nikikauka nitatulia. Lakini chai sikuweza kuiacha. Anayekuja kukupa pole lazima unywe naye, na kumwachia mgeni anywe peke yake ni kama kumfukuza. Nikawa nakunywa chai tangu asubuhi, na katikati naenda chooni kila mara, hata kama sijabanwa, ili niwe salama.

Miezi michache baadaye ukoo ukakaa kupanga ukumbusho wa mwaka mmoja. Wakakubaliana wifi ndiye atakayesema tena. "Tusimsumbue mjane, yeye ni dhaifu." Maneno hayo yaliniuma kuliko yale ya chooni. Niliishi na mtu huyo miaka thelathini, na sikuwa nimesema hata sentensi moja juu yake mbele ya watu.

Kesho yake nikaenda kliniki moja upande wa Makadara. Walipima mkojo, wakapima na sukari, vyote vikawa sawa. Kisha muuguzi, mwanamke wa umri wangu, akaniuliza, "Mama, kwa siku unakunywa nini?"

"Chai."

"Vikombe vingapi?"

"Sijui, dada. Nina msiba."

"Na maji?"

"Maji nimeacha. Yananikimbiza."

Akaweka kalamu chini. "Basi umeacha rafiki ukabaki na adui."

Alinieleza kwamba mkojo mzito unakichokoza kibofu, na chai nayo inakichokoza. Tena nikienda kila dakika bila kubanwa, kibofu kinazoea kudai kabla ya kujaa. Akanifundisha kukaza misuli ya chini, kama mtu anayezuia upepo mbele ya wakwe. Nilicheka, mara yangu ya kwanza tangu mazishi. Kaza, hesabu mpaka tano, legeza, mara kumi, asubuhi, mchana na jioni. Haja ikija ghafla, nisikimbie. Nikae, nikaze harakaharaka mara kadhaa, ningoje wimbi lipite, ndipo nitembee. Akasema itachukua miezi, na isiposaidia nirudi, kuna dawa.

Nilinunua daftari nikawa naandika saa za kwenda chooni. Nilianza kwa kungoja nusu saa. Juma lililofuata nikaongeza dakika kumi. Kuna siku nilishindwa nikalowesha kiti cha jirani, nikamwambia nimemwaga maji. Uongo wa pili.

Kilichobaki kilikuwa chai. Siku moja wifi alikuja na wageni kutoka Kayole, akamimina, nikasukuma kikombe.

"Chai yangu ina sumu?"

Nikamwita jikoni nikamwambia yote, hata sketi ya siku ile. Aliliweka chini birika alilokuwa ameshika.

"Kumbe," akasema. "Na mimi nikadhani unamkimbia kaka yangu."

"Nilikuwa nakimbia aibu."

Hakuomba msamaha, na sikumdai. Alichukua kikombe kilekile akakijaza maji moto na tangawizi kidogo. "Kunywa nao. Nani atachungulia?" Tangu hapo, wageni wakija, yeye ndiye anayemimina. Na siku ya ukumbusho ilipokaribia aliwaambia wazee kwamba mjane atasema mwenyewe.

Ukumbusho ulifanyika katika ukumbi uleule. Kwa hesabu ya daftari langu, nilikuwa sasa naweza kukaa muda wa saa mbili na nusu bila kwenda chooni. Nikiwa nimekaa mstari wa mbele, wakati wa wimbo kabla ya zamu yangu, mkojo ukanijia. Jasho likanitoka mgongoni. Sikusimama. Nilikaza, nikalegeza, nikakaza, macho kwenye picha yake mezani. Wifi aliniona. Alisogeza mguu wake ili njia ya kutokea iwe wazi. Wimbo ulipofika ubeti wa mwisho, wimbi lilikuwa limepungua. Halikuisha, lilipungua.

Nikasimama nikaenda mbele. Nilikuwa nimeandika maneno mengi mazuri, nikayaacha kwenye kiti. Nilisema, "Mume wangu alikuwa ananipa ufunguo wa choo kabla sijaomba. Aliniita abiria wake. Hakuwahi kunicheka." Watu wengine walicheka, wazee wakainamisha vichwa, na mimi, mbele ya wote, nikalia. Sauti ilitoka.

Nikarudi nikakaa mpaka mchungaji alipobariki. Kisha nikachukua ufunguo wa choo cha ukumbi, ambao wifi alikuwa amenishikia, nikaenda polepole.