Redio Aenda Sokoni Peke Yake

Kabla ya kiharusi, wauza mboga wenzake walimwita Redio. Alikuwa na meza ya nyanya na vitunguu mjini kwao, na mdomo usiopoa. Mteja aliyepita bila kununua aliondoka ama amechekeshwa ama amesutwa. Kisha asubuhi moja mdomo ukaenda upande, mkono wa kulia ukalegea kama kitambaa kilicholowa, na maneno yakaanza kumtoka vipandevipande. Akili ilibaki palepale, na hilo ndilo watu wa nyumbani hawakulielewa. Mkwewe alimlisha kwa kijiko, na wageni waliuliza mbele yake, "Hivi mama anasikia kweli?"

Mwanawe, fundi wa friji, alimsafirisha hadi mji mwingine kuonana na daktari wa mishipa. Walifika siku moja kabla, wakachukua chumba gesti, ghorofa ya chini. Dirishani uliingia mwangwi wa soko.

"Mama, nakwenda kutafuta spea mara moja. Usitoke. Ukitaka chochote, mwite mhudumu."

Mlango ulipofungwa tu, Redio alijifunga kitambaa kichwani kwa mkono mmoja akisaidiwa na meno, akachukua fimbo yake, huyo.

"Bibi, wapi tena?" mhudumu aliruka kutoka kitini. "Mwanao kasema usitoke."

"Mwa... nangu," alisema Redio, "ni-me-mzaa mi-mi." Akapita.

Soko lilikuwa limefurika watu wa kila rangi. Muuza mazulia aliita wateja kwa lugha moja, akahesabu kwa nyingine, akagombana na jirani yake kwa ya tatu. Pembeni, wanawake wawili walipatana bei ya viatu kwa vidole na macho tu. Redio alitembea polepole, sikio limesimama. Hapa kila mtu aliongea kombokombo, na hakuna aliyejali.

Miguu ikampeleka kwenye nyanya. Muuzaji alikuwa mwanamke mnene mwenye koti la kiume, mgeni kutoka ng'ambo ya mpaka.

"Mama, nyanya huyu mzuri! Wewe chukua!"

Redio alizamisha mkono wa kushoto chini ya fungu, akaibuka na nyanya iliyoanza kutoa maji. "Na hu-yu... je?"

Mwanamke yule akaangua kicheko. "Wewe mjanja! Toka nchi gani wewe? Kiswahili yako mbaya kama yangu!"

Tangu augue, hakuna aliyethubutu kumcheka usoni. Walimhurumia tu, na huruma ilikuwa imemchosha. Sasa naye alicheka hadi mate yakamchuruzika, akayafuta kwa mgongo wa kiganja bila kuona haya. Wakaanza kupatana. Redio alitaja bei yake, mwenzake akashika kichwa. Redio akageuka kuondoka. Akaitwa.

Hapo ndipo mwanawe alipotokea, jasho likimtiririka. "Mama! Nimekutafuta roho mkononi!" Akamgeukia muuzaji. "Samahani, dada. Huyu mgonjwa, hawezi kuongea."

"Hawezi?" Mwanamke alitoa macho. "Huyu nakula faida yangu yote kwa mdomo!"

"Twende, mama." Akamshika kiwiko.

Redio akakichomoa. "Si... ja-ma-liza."

"Watu wanakutazama."

"Wa-ta-zame!"

Neno hilo lilitoka kubwa kuliko alivyotarajia, hata muuza mazulia akageuka. Mwanawe alisimama akiwa hajui aweke wapi mikono. Miezi mingi hakuwa amefokewa na mama yake, na hakujua kama anataka kulia au kucheka.

"Basi lete mfuko nikubebee," alisema.

"Pili-pili ho-ho bado," alijibu mama, akatangulia.

Kesho yake daktari alimpa mazoezi, akasema bila kuficha kwamba huenda mdomo usirudi ulivyokuwa. Redio aliyafanya, akiyalaani kila siku. Mkono ulipata nguvu kidogo, ulimi haukunyooka. Hata hivyo alirudi kwenye meza yake.

"Mama, watu watasemaje?" mkwewe alilalamika.

"Wa-seme. Na mi-mi... na-sema."

Wateja wenye haraka walihamia kwa jirani. Waliobaki walijifunza kusubiri, na yeyote aliyejaribu kummalizia sentensi alipandishiwa bei.