Baruti Alipopewa Timu

Nakumbuka alasiri moja ya Kitale, mwanangu. Ilikuwa miaka michache baada ya vita vya Hitler, nami nilikuwa golikipa wa timu yetu ya Bungoma. Usicheke. Mgongo huu unaouona umepinda ulikuwa ukiruka kutoka mlingoti hadi mlingoti, na watu wa Myanga walinijua kwa jina. Nakusimulia kwa sababu jana niliwasikia wewe na wenzako mkibishana hapa uani, ati timu ya taifa akabidhiwe yule aliyefunga mabao mengi na mambo yote yatanyooka. Mlipiga kelele hata kuku wakakimbia. Mimi nikanyamaza, lakini sikunyamaza kwa kukubali.

Sisi nasi tulikuwa na mfungaji wetu. Jina lake Wanjala, ila waliomwita hivyo ni mama yake na mjomba wake tu. Kwa wengine wote alikuwa Baruti. Alikuwa akipokea mpira ameipa goli mgongo, na beki amemganda nyuma, halafu anageuka. Alivyogeuka, sijui. Nilimtazama miaka mingi na bado sijui. Ulichoona ni kipa wa watu anakwenda kuuokota mpira wavuni. Siku ya soko Chwele akina mama walikuwa wakimwekea ndizi mkononi bila kumdai chochote. Mcheza kwao hutunzwa.

Goti lake lilipoharibika, wazee wa kamati ya mpira hawakukaa kikao kirefu. Nani mwingine? Apewe timu aifundishe. Sisi wachezaji ndio tulioshangilia kuliko wote, nami nikiwa wa kwanza, maana nilidhani ujuzi ule sasa utagawiwa kila mtu kama uji wa asubuhi.

Mahali pake pale mbele alimweka kijana wa Matulo aliyeitwa Simiyu, mwenye mbio nyingi na haya nyingi zaidi. Siku ya kwanza ya mazoezi Baruti alimrushia mpira, akamwambia, "Geuka!" Simiyu akageuka, beki akamnyang'anya. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu yule kijana akauliza kwa adabu, "Mwalimu, nigeuke namna gani?"

"Ati namna gani? Unageuka tu! Si umeniona mimi?"

Akachukua mpira mwenyewe, na goti lile bovu, akageuka. Ukiona vyaelea vimeundwa, lakini yeye hakukumbuka jinsi vilivyoundwa. Tulimpigia makofi, na jioni tukarudi nyumbani tukiwa vilevile tulivyokuja. Kwa sisi wa nyuma alikuwa na neno moja tu, "Zuia!" Mimi golikipa hakuniambia hata hilo.

Basi alipoona hatufuati, akaingia kwenye njia moja ambayo ni sisi watu wa huku tu tungeweza kuiingia. Wewe umepita kwenye tohara, unajua mvulana anavyofanywa kabla ya siku yake. Wajomba na shangazi humkemea, humtukana mbele ya watu, humwambia kwao hakuna aliyewahi kusimama, ili moyo wake ukauke na asitikisike mbele ya kisu. Baruti mwenyewe alikuwa amesimama vizuri mno, na hayo ndiyo mafunzo pekee yaliyokuwa yamemfanya mtu. Akaona hata mpira ni hivyo. Kila mazoezi akawa anatukemea kwa maneno yale ya tohara. Simiyu ndiye aliyeonja zaidi. "Rudi kwa dada zako ukachambue mboga! Kwenu hakusimami mtu!" Kijana akawa anapungua machoni petu, na ule mguu mwepesi ukaanza kuwa mzito.

Hapo ndipo ikafika siku ya Kitale.

Tulipanda lori tangu alfajiri, baridi imetuingia mifupani. Kila mtu alijua kwamba wangekuwepo mabwana wawili wa Kizungu kutoka Nairobi, wanaochagua timu ya Kenya ya kucheza na Uganda. Tena ilisemekana wanamtafuta Mwafrika mmoja wa kusaidia kuifundisha timu hiyo. Baruti aliitaka kazi hiyo jinsi mwenye kiu anavyotaka maji. Alikuwa amenyoa, amevaa koti. Tulipokuwa tunashuka alimshika Simiyu ukosi, akamwambia mbele yetu sote, "Leo usipogeuka, hutarudi nyumbani na lori hii. Utatembea." Hakuwa anatania.

Katika lori alikuwemo pia Mzee Namunyu, mjomba wake Baruti, ndugu ya mama yake. Alikuwa ngariba. Vijana wengi wa huku, pamoja na mimi na Baruti, tulipita mikononi mwake, kwa hiyo wazee walimtuma aandamane nasi, maana alipokuwepo hakuna aliyethubutu kuanzisha ngumi. Alikaa kando ya uwanja amejifunika blanketi, akitazama mpira kama mtu anayemsikiliza mgeni.

Kipindi cha kwanza kilikuwa aibu. Wale wa Kitale walikuwa vijana wa mashambani, wenye vifua, nao walijua kupeana mpira. Nilifungwa bao la kwanza upesi, la pili nikaligusa kwa vidole likapita. Kila mpira uliomfikia Simiyu, Baruti alipiga ukelele, "Geuka!" Naye anageuka, anagongwa, anaanguka, na watu wa Kitale wanacheka. Mara moja alianguka karibu na wale mabwana wa Nairobi, nikamwona mmoja anatikisa kichwa.

Mapumziko tulikusanyika nyuma ya lori. Mwanangu, niliogopa. Baruti alikuja akichechemea, midomo imemkauka, na yale maneno ya tohara akayamwaga yote, hadi yale yanayomgusa mzazi wa mtu. Simiyu alisikiliza ameinama. Halafu akavua jezi yake polepole, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya gurudumu.

"Natembea," alisema. "Wewe si umesema nitatembea? Wacha nianze sasa."

Siku zile hapakuwa na mambo haya yenu ya kubadilisha wachezaji. Akiondoka, tunarudi uwanjani kumi, mbele ya watu wa Nairobi. Baruti aliinua mkono. Mimi niliuona mkono umekunja ngumi, nikajua ukitua hapo timu imekwisha, na yeye pia amekwisha.

"Wanjala."

Ilikuwa sauti ya Mzee Namunyu, aliyekuwa ametufuata hadi pale nyuma ya lori. Hakuinyanyua. Ule mkono ukabaki hewani.

"Wewe uliposimama mbele ya kisu changu, hukupepesa jicho. Nchi hii yote ilisikia. Sivyo?"

"Ndivyo, mjomba."

"Kesho yake nilikupa kisu ukatahiri wengine?"

Baruti akashusha mkono. "Hapana."

"Kwa nini sikukupa? Si wewe ulikuwa karibu na kisu kuliko mtu yeyote?"

Hakuna aliyecheka, ijapokuwa siku nyingine tungecheka. Baruti alijibu kwa sauti ndogo ambayo sikujua kuwa anayo. "Sikukiona, mjomba. Nilikuwa nakaza macho mbele."

"Eeh. Anayesimama hukaza macho mbele, na hiyo ndiyo sifa yake. Anayeshika kisu humtazama aliyesimama. Kila mwili ni mwingine, na ukikata wote kama ulivyokatwa wewe, utaua mtoto wa watu. Sasa huyu kijana umemtazama lini?"

Baada ya hapo akajifunika blanketi lake na kugeukia upande mwingine, maana alijua kumkanya mtu mzima kuna mwisho wake.

Refa alikuwa tayari anapuliza kipenga. Nilimwona Baruti anapigana na nafsi yake, na nakuambia vita vile vilikuwa vikubwa kuliko mechi. Mwishowe aliichukua jezi pale juu ya gurudumu, akampelekea Simiyu mkononi.

"Mpira ukikujia, wewe unaona nini?"

Simiyu aliipokea jezi kwa wasiwasi, akidhani ni mtego. "Sioni kitu, mwalimu. Nasikia tu yule jamaa nyuma yangu ananikaba. Lakini nikipata mpira nikiwa natazama goli, hawanishiki. Mimi ni wa mbio, bana. Kugeuka siwezi."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza."

Baruti akafumba macho kidogo. Halafu akawaambia wale wa katikati wasimpe Simiyu mpira miguuni tena, waupige mbele yake aukimbilie. Akanigeukia mimi pia, kwa mara ya kwanza tangu apewe timu, akaniuliza niliona nini kutoka golini. Nilikuwa na mengi, mwanangu! Golikipa hana kazi nyingine ila kutazama. Lakini muda ulikuwa umekwisha, nikamwambia moja tu, kwamba beki wetu wa kulia anaacha mlango wazi.

Kipindi cha pili sikufungwa. Simiyu alikimbilia mpira mmoja, wa pili, na wa tatu akaupachika wavuni, na wale waliokuwa wakicheka wakasimama kutazama. Tulishambulia mpaka mwisho. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Tulishindwa mawili kwa moja.

Mechi ilipokwisha, bwana mmoja wa Nairobi alimwendea Baruti, nami nilikuwa pale nikivua soksi. Alimuuliza kwa Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika, ni nani aliyemfundisha yule kijana kucheza vile kipindi cha pili. Jibu lilikuwa mdomoni, angesema tu "Ni mimi", na kazi aliyokuwa akiililia ingekuwa yake.

"Hakufundishwa," akasema. "Alikuwa anajua. Mimi ndiye sikuwa najua."

Yule bwana hakuelewa, akaondoka. Kazi ya Nairobi akapewa mtu mwingine. Nilimhurumia Baruti siku ile hadi machozi yakanilenga, na wakati uleule nilimpenda kuliko siku zote alizokuwa akifunga mabao. Simiyu alirudi na lori. Walikaa bega kwa bega njia nzima, mmoja akiuliza na mwingine akieleza.

Basi mwanangu, usidhani nasema mchezaji hodari hawezi kufundisha. Baruti alikuja kufundisha, tena vizuri, lakini ilimchukua miaka, na ilianza siku alipokubali kwamba hajui. Ninalosema ni hili: kipawa cha mtu ni chake, na mara nyingi mwenyewe hajui alikipata wapi, kwa hiyo hawezi kukukatia kipande. Kufanya ni kazi moja, na kumfanya mwingine aweze ni kazi nyingine kabisa. Mtu akikuzwa na sifa tangu ujana, huzoea kutazamwa, na aliyezoea kutazamwa huchelewa kujifunza kutazama. Kwa hiyo mkichagua wa kuongoza timu ya taifa, au hata wa kuongoza shule, au kanisa, msiulize tu alifunga mangapi. Ulizeni ni nani aliyekuwa dhaifu akapata nguvu mikononi mwake. Na siku utakapopewa watu wewe, maana utapewa, uliza kabla ya kukemea. Hasira hasara, na mtoto wa mwenzio si wa kukutulizia kiu yako.

Mungu akujalie miguu yenye nguvu ukiwa kijana, na itakapochoka, akujalie macho ya kuwaona wenzako. Akupe chakula, akupe watoto, na yeyote atakayekabidhiwa watoto hao, awatazame kwanza.