Choo cha Jirani Mbele ya Tinderet

Mimi hupiga watu picha ili nile, na hupiga milima ili nisirukwe na akili. Studio yangu iko mjini Bomet, chumba kimoja chenye pazia jekundu, na kwa miaka kumi na tano nimewatazama watu mle ndani hadi nikawachoka. Bibi harusi anataka apunguzwe kiuno. Mzee wa kanisa anataka aongezwe nywele. Mtu anakuja kupiga pasipoti, unamwambia asifumbe macho, anafumba. Mnarudia, anafumba tena. Mwisho anakuuliza kamera yako ina shida gani. Mlima haufumbi macho. Wala mlima hautakuuliza mbona umeufanya mnene.

Kwa hivyo kila nilipopata wiki ya nafasi nilifunga studio nikaenda kutafuta volkano. Kule Longonot nilizunguka ukingo wa shimo, upepo ukanipokonya kofia ukaitupa ndani, na sikuifuata. Katika Bonde la Suguta joto liliyeyusha gundi ya viatu vyangu nikarudi nyumbani nimeshika soli mkononi. Mke wangu akaniuliza kama nimetoka kuhubiri. Lakini picha, jameni! Mawe meusi, majivu, mvuke, na hakuna binadamu hata mmoja wa kuniambia nimngoje ajipake mafuta.

Mwaka jana wenye maonyesho fulani kule Nairobi waliona kazi yangu wakaniahidi ukuta mzima. Ukuta mzima, mimi mpiga pasipoti! Walitaka picha kumi na mbili za nchi ya volkano iliyo pori, na sharti lao lilikuwa moja: asionekane mtu, wala kazi ya mkono wa mtu. Nilikuwa na kumi na moja. Ya kumi na mbili nilitaka itoke kwetu, maana ni aibu kumaliza volkano za wenyewe huku umeiruka iliyo karibu na nyumbani. Nikachagua Tinderet, mlima uliotema moto zamani za kale na sasa umejilalia chini ya msitu na mawingu. Ukitaka kuuona vizuri, simama kwenye shamba la shangazi yangu, upande wa Fort Ternan. Picha zilitakiwa Ijumaa jioni. Mimi nilifika kwake Jumatatu.

Shangazi ni dada mkubwa wa baba, mjane, mwanamke anayebishana hata na redio. Anaishi peke yake na ng'ombe wawili. Nyumba yake iko juu ya mteremko, chini yake kuna nyasi, kwenye nyasi kuna kaburi la mumewe lenye saruji na msalaba, halafu bonde, halafu mlima. Mumewe tulimzika miaka mitatu iliyopita na picha za mazishi nilipiga mimi.

"Ulinipiga vibaya," aliniambia kabla hajanipa hata kiti. "Nilikuwa nalia."

"Shangazi, yalikuwa mazishi."

"Ungengoja ninyamaze."

Jumanne niliamka na ng'ombe. Nikasimamisha stendi yangu ya miguu mitatu nyuma ya kaburi, juu kidogo, nikaweka kamera, nikafumba jicho moja nikaanza kutafuta mahali pa kukata picha ili kaburi libaki nje. Mlima haukuwepo. Kulikuwa na wingu tu, zito kama uji wa wimbi. Nikangoja. Jirani mmoja akapita anapeleka maziwa kwa baiskeli. Aliponiona alishuka.

"Chamgei," akanisalimu. "Kwa hivyo ni hapo ndio itapita?"

"Nini itapita?"

Akatabasamu polepole. "Aa. Mimi sijauliza kitu." Kisha akaondoka kwa mwendo ambao si wa mtu aliyebeba maziwa.

Hapo ndipo nilipokosea, na mtu wa kwetu hakupaswa kukosea hivyo. Huku kwetu, mtu akionekana shambani na kitu cha miguu mitatu, amefumba jicho moja, huyo ni mpima ardhi. Mpima ardhi akionekana, nyuma yake kuna reli mpya au barabara. Na reli ikija, mwenye shamba hulipwa fidia kwa kila kitu kitakachokutwa kimesimama pale. Mwenye busara hahitaji kuambiwa mara mbili. Husimamisha vitu.

Jumatano asubuhi nilikuta migomba mitano ndani ya picha yangu. Jana yake haikuwepo. Ilikuwa imepandwa kwa mstari ulionyooka katika shamba la yule jirani wa maziwa, majani yameinama kwa huzuni kama watu walioamshwa mapema. Nikapandwa na hasira nikamwita.

"Mzee, mimi napiga picha ya mlima! Mlima tu!"

"Tunaelewa, injinia," akasema, akinikonyeza. "Siri ni siri."

"Mimi si injinia!"

"Ndio hivyo. Sema hivyo hivyo kwa kila mtu."

Nikaapa kwa Mungu, ikawa vibaya zaidi, kwa sababu nani huapa kwa Mungu juu ya mlima kama hakuna kitu? Kufikia saa nne watu watatu walikuwa wameniletea mayai. Nikayakataa. Shangazi akayapokea kwa niaba yangu bila haya yoyote, akamshukuru kila mmoja, "Kongoi, atafikiria."

Alhamisi, kando ya migomba, kulikuwa na choo. Mabati mapya, mlango, hata kufuli. Najua hakikuwa na shimo kwa sababu nilijaribu kukitumia. Na mbele zaidi, penye miti michache ya mwisho kabla ya bonde, palichomekwa kibao kilichoandikwa jina la kanisa ambalo halikuwa na ukuta, wala paa, wala, kwa kadiri nilivyoweza kuuliza, muumini. Mtu fulani alikuwa amesikia kwamba kanisa hulipwa vizuri.

Haya yote ningeyavumilia. Ukiwa na kompyuta unaweza kufuta mgomba. Aliyenishinda ni shangazi.

Tangu Jumatano alikuwa akitoka kila alfajiri na kiti cha plastiki cha buluu, akakiweka kando ya kaburi la mumewe, akajifunika blanketi na kukaa. Katikati. Ukisema umkate upande huu, unakata mlima. Ukisema umkate upande ule, unapata choo kizima.

"Shangazi, tafadhali. Dakika kumi tu uingie ndani."

"Naota jua."

"Jua gani? Kuna ukungu!"

"Nalingoja."

"Kiti ni cha buluu, shangazi! Hakuna kitu cha buluu msituni!"

"Basi mlima wako uhame. Mimi nimeolewa hapa."

Nikatupa kofia chini, ile niliyonunua baada ya Longonot. Yeye akaniangalia mpaka nikaiokota.

Alhamisi jioni, akiwa anakamua, nilichutama karibu naye nikajaribu kwa upole. Nikamweleza habari ya ukuta wa Nairobi. Nikamwambia mimi si wa reli, na yeye hasa anajua, maana ni mimi huyu huyu niliyempiga vibaya mazishini.

"Najua wewe si wa reli," akasema bila kuacha kukamua. "Hawa wengine ni wajinga. Lakini mtu anaweza kutumwa na asijue ametumwa. Hiyo picha yako inataka kusema nini?"

"Kwamba hapa ni pori. Pazuri. Hakuna mtu."

"Ehe." Maziwa yakapiga ndoo mara mbili tatu. "Baba yangu, babu yako huyo, alizaliwa kule juu, mahali sasa ni majani chai mpaka macho yachoke. Alikuwa mdogo, anachunga ndama. Mzungu akakuja na kitu ya miguu tatu kama yako, akafumba jicho kama wewe. Baba akafikiri huyu ni mgonjwa wa jicho, akamhurumia. Akamletea maziwa. Mzungu akakunywa, akasema asante, akaandika kwa kitabu yake: hapa hakuna mtu." Akageuka akanitazama. "Na maziwa bado iko kwa mdomo."

Nilicheka, kwa sababu alivyosema ilichekesha. Yeye pia alicheka. Kisha akasema, "Mimi siwezi kuhamishwa tena. Na mzee hapo chini hawezi kubebwa. Ndiyo maana nakaa. Anayetaka kuandika, aandike ameniona."

Nikamwambia hakuna anayeandika. Akaniambia ninywe maziwa.

Ijumaa, siku ya mwisho, wingu liliondoka. Liliondoka lote, kwa mkupuo mmoja, Tinderet ikasimama pale kutoka miguuni hadi kichwani, msitu mweusi chini, mwanga wa kwanza ukiteremka ubavuni mwake. Sijawahi kuona mlima umejitoa namna ile, na ulikuwa wa kwetu. Nikapiga. Nilipiga na migomba, na choo, na kibao cha kanisa, na kaburi, na shangazi kwenye kiti chake cha buluu, ambaye safari hii alikuwa amevaa kitambaa cha kanisani na kufumbua macho kabisa.

Mchana nikafungua kompyuta kwenye meza yake. Alileta chai akasimama nyuma yangu. Nilianza na kibao. Nikapitisha kidole, kikatoweka, nyasi zikajaa mahali pake.

"Haiya!" akasema. "Kimeenda wapi?"

"Nimekifuta."

"Mungu atusamehe. Futa hiyo migomba."

Nikafuta migomba. Akavuta kiti, akakaa karibu yangu, bega kwa bega, akicheka kama msichana. Nilipofika kwenye choo alipiga meza kwa kiganja. "Toa! Toa hiyo! Huyo mtu ni mwongo tangu zamani, aliniuzia kuku mgonjwa. Toa na kufuli yake!" Nikatoa. Tukacheka hadi chai ikamwagika. Kwa kweli sikumbuki kama niliwahi kufurahia kazi yangu kama saa ile.

Halafu nikafuta kaburi, kwa sababu ndilo lililofuata na mkono ulikuwa umeshashika mwendo. Halafu nikamfuta yeye. Ilichukua muda mfupi kuliko choo. Kitambaa, blanketi, miguu, kiti cha buluu, vyote vikaenda, na mahali pake pakaja nyasi safi, ndefu, zenye umande.

Picha ilikuwa kamili. Nchi kama siku ya kwanza ya dunia. Nikasema, "Ona, shangazi! Ona ilivyo pori!"

Nikageuka. Alikuwa ameweka kikombe chini na kuinama mbele, uso karibu na kioo, akitafuta. Aliweka kidole pale kwenye nyasi.

"Mimi niko wapi?"

Nikajifanya nasafisha kioo kwa mkono wa shati.

"Na mzee?"

"Shangazi, ni picha tu."

"Hivyo tu?" akasema. "Hata hukutoka jasho."

Nikaona haya. Niliona haya namna ambayo sikuwahi kuona mbele ya bibi harusi yeyote niliyempunguza kiuno. Ile chai yake ilikuwa bado mdomoni mwangu.

"Nirudishe," akasema.

Kuna kitufe cha kurudisha. Nikakibonyeza. Akarudi, kiti na blanketi na yote, macho wazi. Akapumua.

"Na mzee."

Nikabonyeza. Kaburi likarudi.

Nikaondoa mkono. Akaniangalia. "Mbona umeacha? Rudisha choo."

"Choo! Shangazi, si umesema huyo mtu ni mwongo?"

"Ni mwongo. Lakini yuko."

Tukarudisha choo, tukarudisha migomba mmoja mmoja, tukarudisha hata kanisa la Mungu lisilo na muumini. Nikaituma hivyo Nairobi kabla ya jioni. Walinijibu kwa adabu kwamba lazima nimekosea, nimetuma picha ya familia. Ukutani walitundika kumi na moja na kuacha nafasi, na siku ya ufunguzi nilisimama karibu na ile nafasi nikijifanya nasoma simu.

Reli haikuja. Migomba ilikufa miwili, mitatu ikazaa. Jirani alichimba shimo la choo hatimaye, kwa amri ya mkewe. Ile picha niliitoa kubwa, nikaiwekea fremu, sasa imetundikwa sebuleni kwa shangazi, juu ya redio, na kila mgeni lazima asimame mbele yake aelezwe kabla ya kupewa chai. Mwezi uliopita nilimkuta akimwonyesha mchungaji mpya.

"Huyu ni mimi," alikuwa akisema, kidole kikitembea juu ya kioo. "Huyu ni mzee wangu. Hii ni ndizi ya jirani, na hiki choo chake, wakati huo hakikuwa na shimo. Hili ni kanisa, usiniulize la nani." Akaangalia kama kuna kitu amesahau. "Na hapo nyuma kuna mlima."