Kamba ya Njano Juu ya Gari Langu

Chekeni tu, ndugu zangu, lakini nihurumieni kidogo. Mimi ni mfagizi katika chuo kikuu kimoja hapa Columbus. Juzi mchana nilikuta kamba nene ya njano imelala karibu na pipa la taka. Sisi tuliokulia kambi za wakimbizi hatuwezi kuiona kamba tukaipita. Ilikuwa ngumu kama mzizi, lakini nikaitumia kufunga godoro juu ya gari langu; godoro hilo lilikuwa zawadi ya kanisa kwa familia iliyohamia kutoka Louisville.

Narudi ndani, namkuta msimamizi wetu, Mama Neema, anapiga kelele.

"Waya wa mtandao wa kwanza wa kompyuta hapa chuoni, ule wa kuonyeshwa leo, umepotea! Wageni wa maonyesho wanaingia sasa hivi. Tutafukuzwa sote!"

Mimi waya ninaoujua ni mwembamba. Nikatambaa chini ya meza zote, jasho linanitoka, namlaani mwizi kwa sauti kubwa kuliko wote. Hata nikasema magari yakaguliwe.

Tukatoka kuyakagua. Kando ya gari langu alisimama profesa mzee aliyeutandaza waya ule ujanani mwake. Alikuwa akipapasa fundo langu.

"Samahani," akauliza kwa upole, "godoro hili ni la nani?"