Saumu na Kompyuta ya Ofisi ya Mboga

Piiiii. Mlio mmoja mrefu, ukakatika, ukarudi vilevile. Miaka zaidi ya ishirini imepita, na Saumu Hashimu bado anaweza kukuigizia.

Mwaka 1999 alikuwa na miaka kumi na tisa, mfagizi wa ofisi ya chama cha wakulima wa mboga, Lushoto mjini. Alitoka kijiji cha Mlola, na shule yake iliishia darasa la saba. Kompyuta ililetwa na wafadhili, ikawekwa mezani kwa katibu, ikafunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya sebuleni. Wageni wakija ilifunuliwa, ikawashwa, ikatazamwa, ikazimwa. Barua za chama ziliendelea kupigwa kwa taipureta.

Saumu aliruhusiwa kupangusa vumbi tu. Lakini kila mchana, katibu Paskali akienda kula, yeye aliiwasha. Ndani ya boksi alikuta kitabu cha maelezo, cha Kiingereza, bado kimo kwenye nailoni. Akaazima kamusi kwa Marta, binti jirani aliyesoma sekondari ya Kifungilo. Ukurasa mmoja ulimchukua wiki nzima. Kufikia masika alikuwa anaandika kwa vidole vyote, anapanga majina ya wakulima na mazao yao kwenye jedwali, kisha anafuta yote kabla viatu vya katibu havijasikika barazani.

Masika yale ukungu uliingia ofisini ukakaa. Wakaja wageni. Katibu akabonyeza kitufe mbele yao: kioo cheusi, na ule mlio.

Kesho yake akaitwa fundi Kassimu kutoka Mombo, mtu mwenye cheti. Hakulegeza hata skrubu moja.

"Imekufa hii, mzee. Nipeni niibebe, nitoe vipuri."

"Ichukue. Imeshanitia aibu ya kutosha."

Fundi akaanza kuchomoa nyaya. Saumu alisimama na ufagio mkononi. Akinyamaza, kompyuta inateremka Mombo, na nyingine ya kujifunzia hakuwa nayo. Akisema, siri yake itajulikana, na kazi huenda ikaishia hapo hapo.

"Samahani, mzee. Haijafa."

Kassimu akacheka. "Daktari wa ufagio huyo! Haya, inaumwa nini?"

"Memori. Mlio huo umeandikwa kitabuni. Ni huu unyevu. Niazime bisibisi, kaka."

"Ukiiharibu je?"

"Si umesema imekufa? Nitaiua mara ya pili?"

Kassimu akamsukumia bisibisi juu ya meza, bila kumtazama. Saumu akafungua sanduku, akachomoa kibao chembamba cha kijani, ndiyo memori yenyewe, akayasugua meno ya kibao hicho, ya rangi ya dhahabu, kwa raba ya penseli. Akakirudisha, akakikandamiza mpaka kikakaa, akachomeka nyaya. Akabonyeza kitufe.

Kimya. Kisha kioo kikawaka, maandishi yakapanda.

Kassimu alifunga begi lake, akaondoka bila kuaga. Katibu hakufurahi wala hakukasirika mara moja. Alikuwa akitazama vidole vya binti yule vikipita juu ya herufi, macho ya binti yakiwa kwenye kioo, kama mtu anayesuka ukili bila kutazama mikono.

"Umekuwa ukiigusa."

"Ndiyo, mzee."

"Tangu lini?"

"Tangu ilipokuja."

"Ukamwomba nani ruhusa?"

Saumu hakuinamisha uso. Sauti yake ilikuwa ndogo, hata katibu akalazimika kusogea.

"Sikuomba, mzee. Mngenikatalia."

Katibu akakikunja kile kitambaa cha kufuma, akakitia kwenye droo, akamvutia kiti.